Maharage Yananyauka: Chimba Mzizi Kabla ya Kununua Dawa

Asubuhi moja ya Novemba, mama mmoja jirani yetu upande wa Sengerema alimtuma mtoto aje aniite nikaone maharage yake. Yalikuwa na wiki tatu. Baada ya shikamoo na marahaba akaninyooshea kidole upande wa bondeni, mahali ambapo kijani kilikuwa kimegeuka njano kama mkeka uliotandikwa katikati ya shamba. "Mwanangu, urea nimeweka mara mbili," akasema, "na bado yanazidi kudhoofika."

Nikaomba jembe na beseni la maji. Tukachimba mashina matano, tukayasuuza. Mzizi mkuu wa kila mche ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilipoubana kwa vidole viwili na kuvuta kidogo, ngozi yake ilivuka kama soksi iliyolowa, ukabaki uzi mweupe mwembamba. Urea ile mama aliitia kwa mmea usio na mdomo wa kulia.

Nimekutana na hali hiyo mara nyingi mno kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Buchosa. Jani linageuka njano, mtu anakimbilia duka la pembejeo, anarudi na busta (mbolea ya kupulizia majani) au dawa ya kupulizia, hela inakwenda na shamba linakwenda. Inaniuma, kwa sababu hela hiyo ingetosha mbegu nzuri ya msimu unaofuata. Jani la njano ni kilio tu. Mwenye kulia yuko chini ya udongo, na wanaomliza ni wengi, kila mmoja na dawa yake.

Namna ya kumchimba mgonjwa

Usivute. Ukivuta mche unaoumwa, mizizi iliyooza inakatikia ardhini na unabaki umeshika bua lisilosema kitu. Zamisha jembe shubiri moja kando ya shina, inua bonge zima la udongo, liloweke kwenye ndoo dakika chache mpaka udongo uachie wenyewe, ndipo usuuze taratibu.

Chukua mimea ya aina tatu: iliyozidiwa, inayoanza kuumwa, na inayoonekana mizima ukingoni mwa eneo lililoathirika. Uliokwisha kufa haufai kwa uchunguzi. Mmea ukifa, kila kuvu iliyomo udongoni inahamia humo, na huwezi tena kutofautisha aliyeua na waliokuja msibani. Anayeanza kuumwa ndiye shahidi mzuri.

Kisha chukua wembe upasue shina kwa urefu, kuanzia shingoni, yaani pale shina linapoingia ardhini, kwenda juu na chini. Mzizi wenye afya ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mgumu kiasi, una vijizizi vingi kama ndevu. Shina lenye afya ni la kijani kibichi ndani.

Kabla ya kuondoka, simama mahali pa juu utazame shamba lote. Mabaka ya mviringo kwenye mabonde, au kwenye njia ya maji ya mvua, mara nyingi ni maji na vimelea wanaopenda maji. Mche mmoja mmoja uliotawanyika huku na huku unanifanya nimfikirie nzi wa maharage kwanza. Shamba lote likiwa njano kwa usawa, mizizi ikiwa myeupe, hilo huenda ni njaa ya udongo na si ugonjwa.

Mbegu hazikuota, au miche inalala ndani ya wiki mbili za kwanza

Chimbua pale mbegu ilipofukiwa. Ukikuta uji wa mbegu, laini na wenye harufu, au mche ulioota ukaanguka huku shingo yake ikiwa imelainika kama iliyochemshwa, mshukiwa mkuu ni pithiamu. Huyu si kuvu halisi, ni kiumbe wa majimaji anayefanana na kuvu, na mbegu zake huogelea kwenye maji yaliyotuama udongoni. Ndiye aliyemvua mama yule soksi za mizizi. Wengi wanauita ugonjwa huu kinyausi, kama ule wa kitalu cha nyanya, na jina si baya.

Pithiamu huja na mvua zinazofuatana na udongo usiopitisha maji. Kwetu Usukumani wazee walikwisha kuupa udongo majina: luseni ni ule wa mchanga unaotokana na mawe ya granaiti, maji hupita upesi, itogolo una tabaka gumu chini na hushika maji, ndiyo maana wengi huufanya majaruba ya mpunga, mbuga ni ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukiona maharage yanalala kwenye itogolo au mbuga mwezi wa mvua kubwa, usishangae. Kwenye luseni yakilala, angalia kwanza kama mbegu ilifukiwa kina kirefu mno. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Mbegu iliyozikwa mbali husafiri safari ndefu gizani, na shingo yake yote iko wazi kwa adui.

Mashamba ya ufukweni yana jambo lake. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kimo ambacho hakikuwahi kupimwa kabla, na hata palipokuwa pakavu juu, maji ya chini ya ardhi yalisogea karibu na mizizi. Ukichimba shimo la futi moja na nusu ukakuta maji yanatoka chini, hakuna dawa ya dukani itakayosaidia hapo. (Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mbali na ziwa mita 60, kwa hiyo kusogea juu kuna faida mbili.)

Kidonda chekundu kwenye shingo

Miche imesimama, ila shingoni ina kidonda kilichobonyea, chekundu cha matofali au kahawia, chenye ukingo uliokolea. Kikizunguka shina lote mche unakatika kwa upepo. Hiyo ni kuvu ya rizoktonia. Kidonda ni kikavu, si cha majimaji, na hapo ndipo unapoitenganisha na pithiamu. Mmea ukivuka mwezi mmoja shingo inakuwa ngumu na hatari inapungua. Usiichanganye na kazi ya sota, yule kiwavi anayekata miche usiku: sota hukata kama kisu, na ukifukua udongo pale pale utamkuta amejikunja.

Njano ya taratibu, mimea imedumaa, maua machache

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mmea haufi. Unabaki mdogo, majani ya chini yanakuwa njano, unatoa maua kabla ya wakati na maganda mawili matatu. Ukiuchimba mapema unaona michirizi myekundu myembamba kwenye mzizi mkuu. Wiki mbili baadaye michirizi imeungana, mzizi wote ni wa kahawia, una nyufa za urefu, na baadaye unakuwa mweusi na mtupu ndani. Juu ya sehemu iliyokufa, karibu kabisa na uso wa ardhi, mmea umechipusha kundi la mizizi mipya myeupe. Hiyo ni fusariamu ya mizizi, na ile mizizi mipya ndiyo mmea unavyojiokoa. Kumbuka jambo hilo, nitalirudia.

Kuvu hii hukaa udongoni miaka mingi ikisubiri tu mzizi wa harage upite karibu. Peke yake haitishi sana. Inatisha ikipata wasaidizi: udongo uliochoka, maharage juu ya maharage msimu kwa msimu, ukame unaokuja wakati wa maua, na udongo ulioshindiliwa. Huku kwetu plau ya ng'ombe hupita kina kile kile miaka nenda rudi, na chini yake hujengeka sakafu. Chukua kipande cha nondo, siku moja baada ya mvua kikite ardhini kwa mkono. Kikizama kidogo kisha kikagonga na kugoma mahali pale pale kila unapojaribu, umeipata sakafu. Mzizi mkuu ukifika hapo unapinda kama kiwiko, na maisha yote ya mmea yanabaki kwenye inchi chache za juu, ambako kuvu ni nyingi na maji hukauka kwanza.

Fusariamu ya mizizi ana ndugu yake, fusariamu ya mnyauko. Yule haoneshi sana mzizini. Majani huanza njano chini kwenda juu, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na ukipasua shina unakuta mstari wa kahawia nyekundu umepanda ndani kama utambi wa kibatari. Ukiuona mstari huo wala usihangaike kuinulia udongo shinani, ng'oa.

Shingo imevimba na kupasuka

Pasua ngozi pale penye ufa. Ukikuta vifuko vidogo vya funza anayegeuka nzi (pupa), vya kahawia au vyeusi, urefu wa milimita 2 hadi 3, vimejipanga chini ya ngozi, au funza mdogo mweupe, huyo ni nzi wa maharage. Mama yake ni nzi mdogo mweusi anayeng'aa, hutaga kwenye majani ya miche michanga. Funza hushuka kwa kutoboa ndani ya jani na bua mpaka shingoni. Njia alizochimba hugeuka mlango wa fusariamu, ndiyo maana mara nyingi utakuta wote wawili kwenye shina moja, na mtu anatibu kuvu huku aliyefungua mlango yumo ndani.

Nzi huyu hupenda maharage yaliyochelewa kupandwa na msimu wenye mvua za kusuasua. Ukipanda mvua zikiwa zimeshika vizuri, pamoja na majirani, unampunguza. Ukisubiri wiki tatu, nzi wote waliozaliwa kwenye mashamba ya jirani wanakujia wewe.

Uzi mweupe shingoni wenye punje kama ulezi

Hili halikosewi. Joto, unyevu, na utando mweupe kama pamba shingoni, umesambaa hata juu ya udongo na majani makavu. Ndani ya utando kuna vijipunje vya mviringo, vyeupe kwanza, kisha vya kahawia, saizi ya ulezi. Ni kuvu ya sklerotiamu, na kila punje ni mbegu yake ya msimu ujao. Chota mmea pamoja na udongo wake kwa koleo, tia kwenye mfuko, kachome mbali. Ukimburuta mmea huo shambani unapanda ulezi usiotaka kuuvuna. Anashambulia pia karanga, nyanya na viazi vitamu, kwa hiyo hivyo visifuate hapo.

Shina la kijivu wakati wa jua kali

Mvua zikikatika Januari na Februari, maharage yaliyobeba maganda hukauka ghafla. Shina ni la kijivu kama jivu la jikoni, limenyunyiziwa vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Hiyo ni kuvu ya makrofomina. Hupenda joto na kiu. Hushambulia hata mtama, mahindi na pamba, hivyo kubadilisha zao humsumbua kidogo tu. Kinachosaidia ni kutunza unyevu kwa matandazo na kutoweka akiba ya mbegu kutoka shamba hilo, kwa kuwa husafiri na mbegu.

Vinundu kwenye mizizi

Usiviogope vyote. Kinundu chema kimekaa pembeni ya mzizi, ukikisukuma kwa ukucha kinabanduka, ukikipasua ndani ni cha waridi: ni kiwanda cha nitrojeni. Kama uvimbe ni wa mzizi wenyewe, haubanduki bila kuvunja mzizi, hao ni minyoo fundo. Nao hufungulia kuvu milango.

Na kama mizizi ni myeupe na mizuri ilhali kilele cha mmea kimekufa kwanza, mishipa ya majani imekuwa myeusi na weusi unashuka kutoka juu, hicho ni kirusi kinacholetwa na vidukari. Hata mizizi ikija kuwa myeusi baadaye, chanzo kilikuwa juu.

Shamba lililopo sasa

Nisikudanganye: mzizi uliokwisha kuoza hauponi, na hakuna dawa ya kupulizia majani inayoshuka kuuponya. Lakini mmea wenye fusariamu au pithiamu ya wastani unaweza kusaidiwa kuishi kwa mizizi ile mipya. Palizi ya kwanza, wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, inulia udongo mpaka ufunike shingo, karibu na majani ya kwanza. Mizizi mipya inatokea ndani ya udongo huo na kulisha mmea. Mama yule tulimfanyia hivyo siku ile ile, mtaro mmoja ukachimbwa kutoa maji bondeni, na palizi iliyofuata akakataza watu wasipite na jembe karibu na mashina. Bondeni hakupata kitu cha maana, ila ukingoni, ambako miche ilikuwa inaanza tu kuumwa, alivuna.

Tahadhari: kwenye sklerotiamu usiinulie udongo, maana unamfunika adui na shingo pamoja.

Anza palizi upande mzima, umalizie upande mgonjwa, kisha ukwangue matope kwenye jembe na viatu. Ugonjwa huu hausafiri kwa upepo kama ule wa kutu ya majani. Husafiri kwa tope, maji ya mvua na miguu ya ng'ombe.

Msimu ujao

Panda juu ya matuta. Wasukuma wamelima kwa matuta tangu enzi za mababu, na kwa harage tuta lina kazi mbili: linatoa mizizi kwenye maji na linaupa mzizi udongo laini wa kuingia. Kwenye luseni, funga mifereji kwa vizuizi ili maji yasikimbie; kwenye itogolo, iache wazi yatoke. Vunja ile sakafu ya plau, angalau kwenye mistari utakayopanda.

Samadi iliyoiva ndiyo ninayoiamini kuliko chupa yoyote. Udongo wenye uhai una viumbe vingine vinavyopigana na hizi kuvu, na mmea ulioshiba hustahimili. Ukitumia majani mabichi kama ya alizeti pori au marejea, yafukie wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Yakiwa bado yanaoza, pithiamu hunenepa juu yake na mbegu yako inamkuta ana nguvu. Fosforasi ya kupandia, iwe mbolea ya DAP au ya Minjingu, iwekwe chini au kando ya mbegu, isiiguse.

Maganda na mashina tunayopigia nyumbani ni jambo ninalolisema kila kikao cha kikundi chetu. Tunang'oa maharage na mizizi yake, tunapigia uani, kisha mabaki yanatupwa kwenye shimo la samadi na kurudishwa shambani. Yaliyotoka eneo gonjwa, kata mizizi na shingo uchome.

Ipumzishe sehemu hiyo kwa mahindi, mtama au uwele, misimu minne ikiwezekana. Kuvu haitaisha, itapungua. Kunde na choroko si mapumziko, ni wa ukoo mmoja.

Kuhusu mbegu, magharibi mwa Kenya, upande wa Kakamega na Vihiga, uozo wa mizizi uliwanyima watu maharage miaka ya 1990, na watafiti wakatoa aina zinazovumilia kama KK8 na KK15. Hapa kwetu waulize Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), kituo cha Maruku au cha Ukiriguru, ni aina ipi ya kuvumilia inafaa kata yako. Kwa jumla aina za punje ndogo huvumilia fusariamu kuliko za punje kubwa. Najua soko la Mwanza linataka ya njano yenye punje nene, na sikuambii uyaache. Yape sehemu yako iliyo bora, na bondeni upande kitu kingine.

Dawa ya kuvika mbegu inasaidia wiki za mwanzo tu, ukijua unamlenga nani. Metalaksili ni ya pithiamu. Fusariamu na rizoktonia haiwagusi. Thiramu hulinda kwa upana zaidi. Imidaklopridi ni ya nzi. Soma kibandiko, vaa glovu, na mbegu iliyovikwa dawa isiliwe hata ikioshwa, wala isibaki mahali kuku wanapopita.

Kama bado una shaka: makopo kumi

Chota udongo wa eneo gonjwa, kina cha shubiri moja, sehemu kadhaa, uchanganye. Gawa mara mbili. Nusu moja ilowanishe, itie kwenye sufuria kuukuu, fukia kiazi kitamu kidogo katikati, funika, pika kwa moto mdogo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Uache upoe siku mbili. Jaza makopo matano yaliyotobolewa chini kwa udongo uliopikwa, matano kwa usiopikwa. Panda mbegu nne nne kutoka mfuko mmoja, mwagilia sawa, funika kwa chandarua kuukuu nzi wasiingie.

Wiki ya tatu loweka na usuuze. Uliopikwa ukiwa na mizizi myeupe na usiopikwa mizizi ya kahawia, ugonjwa umo udongoni: hilo eneo lipe mahindi. Yote mawili yakiwa ya kahawia, tazama mbegu yako, huenda ilikuja na ugonjwa. Yote mawili yakiwa meupe, adui wa shamba lako ni maji yaliyotuama, sakafu ya plau au nzi, na kazi yako msimu huu ni jembe na tarehe ya kupanda.